Ngazi Zilizovikwa Lubugo

Nimejenga nyumba nyingi, na sioni haya kusema kwamba nyingi kati yake ni nzuri. Nilizaliwa Nakivubo, Kampala, katika familia ya Waislamu ambao babu zao waliifuata biashara kutoka pwani na hawakurudi tena, ndiyo maana Kiswahili nilikinyonya nyumbani wakati majirani walijifunza cha kambi za jeshi. Duka la vitambaa la baba lilikuwa limeshachoka kabla sijaota ndevu, nikaenda Ghuba, Uarabuni, kubeba mifuko ya saruji. Mchana nilibeba, jioni nilisoma. Nilirudi na diploma ya ujenzi, nayo imetundikwa sebuleni kwangu mahali ambapo mgeni lazima aione hata kama amekuja kutazama mpira. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Leo wenye digrii hunipigia simu mvua zikianza.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba mimi si mtu wa kushangazwa na jengo. Nimesimama chini ya minara ya vioo ambayo vilele vyake havionekani kwa ukungu, nikawaza tu ni nani anayeisafisha. Lakini ipo nyumba moja mtaa wa Ntinda, ya vyumba vichache na paa la mabati, ambayo nikipita juu yake barabarani bado napunguza mwendo wa gari.

Nyumba hiyo iko bondeni, kama nyumba nyingi za upande ule wa kilima. Geti liko juu kwenye lami, mlango uko chini kabisa, na kati yake palikuwa na ngazi kali za mawe zilizoota ukungu. Kikundi cha wasanii kiliikodi kikaigeuza kuwa mahali pa maonyesho. Mmoja wao, mwanamke wa makamo, alinipigia simu akaomba tukutane getini, kwa sababu yeye mwenyewe, mpangaji anayechangia kodi kama wenzake, hakuwahi kuingia ndani bila kubebwa.

Nilimkuta kwenye kiti cha magurudumu kando ya barabara. Polio ilimpata utotoni. Miguu yake ni myembamba, lakini mabega ni ya mpakua mizigo. Kiti hukitumia njiani tu; kwingineko kote hutembea kwa mikono, kiuno kikifuata, na viganjani huvaa lugabire, zile ndara za mpira wa tairi. Fundi mmoja wa soko la Owino humkatia kwa kipimo cha mikono yake, na ukanda hupita juu ya vifundo vya vidole.

"Haji," aliniambia, maana niliwahi kuhiji nikiwa Ghuba na Kampala jambo hilo halisahauliki, "wanasema wewe ndiye unayejua miteremko."

"Wanasema kweli."

Akacheka. "Kale, sawa. Nataka njia ya kunifikisha pale chini mwenyewe. Siku ya kufungua maonyesho yangu, mtu asinibebe. Hasa baba yangu."

Baba yake alikuwa askari, sasa mstaafu, mtu wa kaskazini. Alimbeba mgongoni kwenda shule ya kambini, akambeba kwenda kliniki, kanisani, kwenye harusi za ndugu. Wenzake walipocheza karata baada ya zamu, yeye alikuwa anapanda na kushuka na mtoto. Bintiye alinisimulia yote hayo bila uchungu. Nikamwuliza kwa nini basi asimwambie tu kwamba siku hiyo hataki.

"Nikimwambia asinibebe," alisema, "atasikia kwamba sikutaka kubebwa siku zote. Utamwambiaje mtu hivyo?"

Nikatoa futi yangu na kuanza kupima.

Kilima kilikuwa kikali. Njia iliyonyooka kutoka getini hadi mlangoni ingekuwa ya kuteremshia magogo. Nikaamua kuizungusha: ianze getini, ifuate ukuta wa jirani, igeuke kwenye mparachichi, ipite nyuma ya jiko, kisha iuzunguke upande wa pili wa nyumba na kufika mlangoni taratibu, kila kona ikiwa na sehemu tambarare ya kupumzikia. Mafundi wangu walinitania. "Haji, hii njia inaenda Jinja?" Jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza kama tunajengea treni. Niliwaacha waseme. Mtu anayetembea kwa mikono hahitaji njia fupi, anahitaji njia isiyomchosha.

Nililoshughulikia zaidi ni uso wa njia yenyewe. Wajenzi wengi hudhani mteremko ni wa magurudumu, wakishapima pembe wameshamaliza. Mimi nilikwishaona Ghuba jinsi zege la mchana linavyochoma, na nilijua huyu mama angelishika kwa viganja. Nikamwaga vibao vya majaribio, kimoja laini, kingine cha kokoto ndogo zilizooshwa, kingine cha mistari iliyochorwa na ufagio zege likiwa bado bichi. Nikavilaza juani, nikavimwagia maji, nikamwomba avipite. Alivipita huku na huku, lugabire zikilia kama mtu anayekwangua sufuria, akachagua cha ufagio. Kisha akavua lugabire akakilalia kwa shavu, macho yamefumbwa.

"Nikianguka," alisema, "ndicho kitakachonipokea."

Nimewahi kuwa na wateja waliochagua marumaru kwa kutazama picha kwenye simu. Huyu alichagua kwa shavu. Nilijenga njia yote kwa mistari hiyo, imelala upande ili maji yasikae, na juu yake nikaweka kivuli cha fito za mkaratusi. Ni kazi nzuri. Nikiulizwa kazi yangu bora nitaitaja hiyo kabla ya maghorofa.

Wakati huo sikujua bado atatundika nini ndani. Aliniambia tu nimwekee ndoano imara kwenye boriti za paa na nibadilishe baadhi ya mabati kwa yale yanayopitisha mwanga. Nilipouliza atatundika nini, alijibu, "Ngazi."

Nikadhani ananitania. Jumapili moja asubuhi akanialika niende naye Nakivubo nikaone. Tulikwenda kwenye jengo moja la maduka, ghorofa juu ya ghorofa, ambalo halikuwa mbali na lilipokuwa duka la baba. Rangi anazochorea zilikuwa zikiuzwa juu huko, na maisha yake yote alikuwa akimtuma mtu apande amnunulie. Akiagiza nyekundu ya udongo huletewa nyekundu ya kucha.

Maduka yalikuwa yamefungwa na ngazi ziko wazi. Akashuka kwenye kiti. Alikuwa na ndoo ya uji wa muhogo, mzito kama wa kubandika karatasi, na mafurushi ya lubugo, kile kitambaa cha Waganda kinachopondwa kutoka gome la mtuba, chenye rangi ya kutu. Alikilowesha, akakitandaza juu ya kidato cha kwanza cha ngazi, akakikandamiza kwa ngumi na viganja hadi kikaingia kila ufa na kila pembe iliyoliwa na miguu ya watu. Tabaka moja, uji, tabaka jingine. Vidato vya juu tulimsaidia sisi, mimi na msanii mwenzake, yeye akituelekeza kutoka chini.

Mlinzi wa jengo, mzee wa Kiganda, alikuja na rungu lake akasimama mbali kidogo. Kwao lubugo ndilo wanalomvika maiti.

"Nnyabo," aliuliza kwa upole, "nani amekufa?"

"Ngazi hizi, ssebo."

Akazitazama. "Zimekufa lini? Jana nimepanda."

"Kwako ziko hai. Kwangu zilikufa zamani, lakini hakuna aliyezizika."

Mlinzi akafikiri, akaweka rungu chini. "Basi mnazika vibaya," akasema. "Lubugo huvutwa pembe, hivi." Akainama akatusaidia kuvuta.

Alasiri jua lilikuwa limekausha lile gamba. Tukalibandua polepole, na tulipolinyanyua lilikuwa ngazi kamili, yenye kila kidato na kila ufa, nyepesi kiasi kwamba niliishika kwa mkono mmoja. Nimemwaga zege maisha yangu yote. Najua uzito wa ngazi, ninaweza kuukadiria kwa macho. Nilisimama pale kwenye veranda na ngazi mkononi kama mtu aliyeshika koti la mgeni.

Alikuwa na nyingine nyingi kwenye stoo ya rafiki yake. Za kliniki, za benki, za kanisa, kizingiti cha ofisi ambako alikwenda kuomba kazi akahojiwa nje kwenye bustani. Na ngazi za shule ya kambini.

Baba yake alikuja kukagua njia ilipokuwa inakauka. Namwita Afande, kama kila mtu. Mrefu, magoti mabovu, shati limepigwa pasi kama kadi. Alitembea kwenye ubao wa pembeni, akapiga zege kwa fimbo yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Fundi, njia hii iko upana kiasi gani? Wanaume wawili huku, wawili huku, inatosha?"

"Inatosha kwa nini, Afande?"

Akasogea karibu, akashusha sauti kama anayetoa siri ya vita. "Siku ile, sisi wazee tutabeba yeye juu. Juu ya mabega, na kiti chake, kama Kabaka. Wenzangu wote wamekubali. Tumepata kiti kizuri, tumefunga miti. Yeye hajui."

Huku kwetu kubebwa juu ya mabega ni heshima ya mwisho, hubebwa wafalme na bibi harusi na wachezaji waliofunga bao. Mzee hakuwa na wazo baya hata chembe. Ndicho kilichoifanya hali kuwa ngumu.

"Afande," nikamwambia, "binti yako hataki kubebwa siku hiyo. Ameniambia mwenyewe. Njia hii yote ni kwa ajili hiyo."

"Watoto wanakataa," alisema. "Hata sindano alikataa. Mimi nilibeba yeye akilia, sindano ikaingia, leo iko hai." Akaigonga njia tena kwa fimbo. "Njia ni nzuri, fundi. Ya kubebea ni nzuri sana."

Nilimweleza binti yake. Ilikuwa haki yake kujua. Alichuna uji uliokauka kwenye vidole.

"Wakinipandisha mabegani mbele ya watu," alisema, "kila mtu atapiga makofi. Watampigia yeye, na ni haki yake. Lakini ndani zimening'inia ngazi zote nilizobebwa. Nikiingia nimebebwa, zile ngazi zimeshinda, Haji. Zitakuwa mapambo."

"Nimweleze tena?"

"Hapana. Ni baba yangu. Nitaongea naye mimi." Lakini siku zilipita na hakuongea, nami nilielewa.

Siku ya ufunguzi mvua ilinyesha mchana, ile mvua ya Kampala inayomwagika kama mtu amepindua pipa, halafu ikapungua ikabaki manyunyu. Wageni walijibana chini ya hema getini na wengine walitangulia chini. Mimi nilikuwa nimevaa suti niliyoshonewa Ghuba, na nilikuwa natazama njia yangu. Maji yalifuata mistari, yakateremkia pembeni, yakaingia mtaroni. Hapakuwa na dimbwi hata moja. Nilimwonyesha mgeni mmoja nisiyemjua, akasema ni kweli, hakuna dimbwi.

Wazee walikuwa wamejipanga kushoto na kulia mwanzoni mwa njia, makoti yao yana nishani, nywele nyeupe. Kiti chao kilikuwa pale, kimefungwa miti mirefu, kimevishwa kitambaa cha manjano. Waliosimama karibu walishaanza kutabasamu na kutoa simu.

Gari likafika. Msanii akashuka, hakuangalia kiti chake cha magurudumu wala kile cha manjano. Aliketi kwenye lami yenye maji na gauni lake zuri, akavaa lugabire, akakaza kanda kwa meno. Baba yake akaja mbele, akainama, mikono imeshafunguka.

"Njoo, mwanangu."

"Baba, subiri." Aliishika suruali ya mzee, kwenye goti. "Uliwahi kuniona nikitembea?"

"Nimebeba wewe kila mahali. Unauliza nini?"

"Ulikuwa umenibeba mgongoni. Mimi niliona kisogo chako, wewe uliona njia. Hukuwa unaniona." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama ya mtu anayeomba chumvi. "Leo niangalie tu, Baba. Uko na macho mazuri bado."

Mzee alibaki ameinama. Mikono ilikuwa bado wazi, manyunyu yanaingia viganjani. Mzee mmoja nyuma yake akaushika mti wa kiti na kuuliza, "Afande, tunyanyue?" Nilimwona binti yake akifumba macho.

Afande akanyooka. Magoti yake yalilia, tulisikia. Akawageukia wenzake, akavuta pumzi, na sauti ikamtoka ambayo sikujua kama bado anayo.

"Paredi!" Wazee wakashtuka. "Paredi, mguu... sawa!"

Ni amri ya zamani, na miili yao iliisikia kabla ya masikio. Visigino viligongana. Mti wa kiti ulianguka chini. Mikono yote ikashuka na kubana mapajani, vidole vimekunjwa, na ikakaa hapo, kwa sababu askari aliyesimama mguu sawa hawezi kumshika mtu. Afande mwenyewe alisimama wa mwisho kwenye mstari, kidevu juu, mikono imebana kuliko ya wote. Nilielewa kwamba amri ile alijipa yeye kwanza.

Binti yake akapita katikati yao.

Sijui kuelezea vizuri, na mimi ni mtu wa maneno mengi. Lugabire zilitua mbele, mabega yakavuta, mwili ukafuata, kisha tena. Gauni lilinyonya maji likawa zito. Hakuharakisha. Kwenye kona ya mparachichi alipumzika pale nilipompimia pa kupumzikia, akafuta uso kwa kiwiko, akaendelea. Watu waliokuwa na simu walizishusha mmoja mmoja. Ilisikika mvua tu na ule mpira ukikwangua zege. Nilijua kila shubiri ya njia ile, nilikuwa nimeisugua kwa ufagio wangu, na hata hivyo niliiona kwa mara ya kwanza nikimtazama akiipita.

Alipofika karibu na jiko, kabla ya kupotea nyuma ya nyumba, Afande alisema bila kugeuza kichwa, "Fundi."

"Naam, Afande."

"Njia yako ndefu."

"Ndiyo, Afande."

"Ni sawa," alisema. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni na sikuchunguza yalitoka wapi.

Binti yake akapotea nyuma ya nyumba. Wazee walibaki mguu sawa, nishani zinadondosha maji, maana hakuna aliyewapa amri nyingine, na Afande alikuwa hana sauti tena. Tukangoja hivyo. Halafu kutoka chini, mlangoni, ikaja sauti ya mwanamke aliyekulia kambini:

"Paredi, mguu... pande!"

Wazee walicheka kwa pamoja kama watoto wa shule, wakashikana mabega, wakaanza kuteremka.

Mlangoni kila mtu alivua viatu, kama tunavyofanya nyumbani. Ndani hapakuwa na kiti hata kimoja, ila mikeka. Ngazi zilining'inia kutoka kwenye boriti, juu ya vichwa vyetu, na namna pekee ya kuziona ilikuwa kulala chali. Nikalala, na suti yangu. Mwanga wa mabati ulipita katika lubugo ukawa mwekundu wa kahawia, kama unapofumba macho juani. Ngazi za benki, za kliniki, za Nakivubo, zote zilikuwa hewani, zinageuka kidogo kidogo kila mlango ulipofunguliwa, hazina uzito, hazimpandishi mtu popote. Nimejenga ngazi nyingi. Sikuwahi kuiona ngazi kwa chini, kutoka mahali pa mtu asiyeweza kuipanda. Mwanamke mmoja wa Kiganda kando yangu alikuwa anasema "Banange", jamani, polepole, tena na tena.

"Hii ya benki naijua," alisema mzee mmoja mkekani. "Hapo nilianguka."

"Ulikuwa umelewa," akajibiwa.

Afande aliulizia za shule ya kambini, akaonyeshwa. Ilimchukua muda kulala, wawili walimsaidia. Binti yake alikuja akalala kando yake kwenye mkeka, gauni bado linachuruzika, lugabire amezivua zimekaa tumboni. Walitazama juu pamoja. Mzee alinyoosha kidole kufuata kidato kimoja kilicholiwa pembeni, pale miguu ya askari na watoto ilipopita miaka yote.

"Hapa nilikuwa nakanyaga mimi," alisema.

"Ndiyo, Baba. Ni mguu wako huo."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Binti yake akanyoosha mkono wake wenye sugu, akaonyesha hewa iliyo juu ya kidato, mahali ambapo hapakuwa na kitu.